Dereva mliyemkagua ni wa kwenye picha, huyu mliyemtuma kunichukua eapoti ni nani?

Wakuu salama? Mi siko salama, nimechoshwa na hizi kampuni za kubeba abiria kwenda na kutoka eapoti. Kwenye tovuti wameandika kwa herufi kubwa MADEREVA WETU WOTE WAMEHAKIKIWA, ukishalipia unatumiwa meseji yenye jina la dereva, picha yake na namba ya gari, unajisemea haya basi, hawa jamaa wako siriasi. Gari inafika, namba ndo yenyewe, ila anayeshuka kupokea mabegi siyo wa kwenye picha, wala hafanani naye hata kwa mbali. Napiga kastama kea, dada wa huko ananibembeleza eti usijali mpendwa, huyo ni mwenzetu. Mwenzenu! Jina lake? Hajui. Leseni anayo? Bila shaka anayo. Nani kamkagua? Hapo ndo netiweki ikaanza kukatakata.

Nielezeni mnaozijua hizi biashara, maana ninavyoona mimi kampuni inauza tiketi, gari ni la mtu mwingine, mwenye gari ana dereva wake, na huyo dereva akichoka au akipata safari yenye hela zaidi anamwachia deiwaka. Cheti cha tabia njema kimebaki kwenye faili la yule wa kwanza. Kwahiyo aliyekaguliwa yuko kwake amelala, na asiyejulikana na mtu yeyote ndo ananiendesha usiku na mabegi yangu nyuma.

Na msiniambie naongeza chumvi. London mwaka 2019 mamlaka ya usafiri iliwanyima Uber leseni mpya, na sababu moja kubwa ilikuwa hiyohiyo, mfumo uliruhusu watu wasiosajiliwa kubandika picha zao kwenye akaunti za madereva wengine, safari zisizopungua 14,000 zikaenda hivyo na abiria hawana habari. Ndo kampuni yenye programu na mainjinia wa kila aina, sembuse hawa wetu wanaopangiana zamu kwa meseji za simu?

Halafu hata huo ukaguzi wenyewe. Wengi wanatafuta jina tu kwenye kumbukumbu za pale mtu anapoishi sasa hivi, basi. Aliyefungwa mkoa mwingine au nchi nyingine anapita kama maji, na aliyefanana jina na mhalifu anakosa kazi bila kosa. Alama za vidole ndo zinamfunga mtu na rekodi yake, ila kampuni hazizipendi, zinasema ni gharama na zinachelewesha. Austin, Marekani, mwaka 2016 wananchi walipiga kura kubakiza sharti la alama za vidole, Uber na wenzao wa teksi za mtandaoni, Lyft, wakaona bora wafunge huduma waondoke mjini! Karatasi nayo inaghushiwa. Yule dereva wa Uber wa Delhi, India, aliyembaka abiria Desemba 2014, polisi walisema cheti chake cha tabia njema kilikuwa feki, na alishawahi kushikwa kwa kesi ya namna hiyohiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu wa eapoti anakujua kuliko dereva yeyote. Teksi ya kawaida inakuokota barabarani inakushusha, kwisha. Huyu anakuja mpaka mlangoni kwako, anaona wote mnatoka na masanduku, mlango unafungwa mbele ya macho yake, na kwenye oda yake kuna tarehe ya kurudi maana umelipia kwenda na kurudi. Yaani tumempa mtu asiyejulikana ratiba ya nyumba kuwa tupu. Mgeni anayetua naye hajui njia, laini ya simu bado hana, akipitishwa porini atajuaje kama siyo shotikati?

Na ukifika eapoti yenyewe ndo kituko, unavuliwa viatu na mkanda, hadi chupa ya maji inaonekana hatari. Wafanyakazi wanaoingia bila kusindikizwa maeneo ya ulinzi wanapekuliwa historia zao, hilo ni sharti la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwenye Kiambatisho chao cha 17. Ila dereva anayeishia nje ya geti sharti hilo halimgusi, wakati abiria yuleyule yuko mikononi mwake saa nzima.

Nisieleweke vibaya, sisemi aliyeiba simu akiwa kijana anyimwe usukani maisha yake yote, hapana, huo ni uonevu. Nasema ukatili, ubakaji, kuendesha umelewa, leseni iliyofungiwa. Hii ya leseni inahitaji kuangaliwa kila mara, maana mtu anaajiriwa leo akiwa safi, miezi kadhaa mbele anafungiwa na ofisi haina taarifa. Jimbo la Colorado, Marekani, mwaka 2017 walitangaza faini ya dola milioni 8.9 kwa kampuni tanzu ya Uber baada ya kukuta madereva 57 wasiostahili, wakiwemo wenye leseni zilizofungiwa.

Mimi nimewaandikia barua pepe, nataka jina la aliyenibeba, nani alimkagua na lini, na hela yangu. Wamenijibu kwa kunitumia kuponi ya punguzo la safari ijayo!! Madereva wa eapoti mliomo humu semeni ukweli, mkimwachia deiwaka gari ofisini huwa wanajua au wanajifanya hawajui?