Najichora, ngozi inatoka kijivu. Na leso niiweke vipi?

brashi_kibokoni
Wachoraji wa Pwani, nisaidieni. Najichora kwa akriliki, turubai sentimita 50 kwa 60. Wazo nimelitoa kwa Yolanda López, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, mzaliwa wa San Diego. Mwaka 1978 alijichora mahali pa Bikira Maria wa Guadalupe, anayeheshimiwa sana Meksiko: anakimbia, raba miguuni, nyoka mkononi, na joho la nyota. Mimi badala ya joho nataka leso (kanga). Ila ngozi yatoka kijivu kama ya mgonjwa, na leso yageuka kadi ya watalii.

siena_tatu
Kijivu hicho ni nyeupe unayotia. Anza na siena iliyochomwa (hudhurungi yenye wekundu) sehemu 3, oka ya manjano (rangi ya udongo) 1. Panapopigwa na mwanga ongeza oka na chembe ya nyekundu. Nyeupe iwe ya mwisho kabisa, ncha ya pua na mdomo wa chini basi. Kivuli ni siena na bluu ya altramarini. Nyeusi ya kopo huua ngozi.

Lakini kosa huanza kabla ya hapo. Juu ya turubai jeupe, hudhurungi yoyote huonekana nyeusi mno, kwa hiyo mkono waongeza nyeupe bila kukusudia. Akriliki nayo ikikauka huwa nyeusi zaidi kidogo, nawe unaongeza nyeupe tena! Pakaa kwanza siena ya majimaji turubai zima, ikauke, ndipo uchore. Picha ya kujikubali ikikung'arisha bila idhini yako, ya nini?

pindo_na_mji
Dada, leso usiitundike nyuma kama pazia. López alimchora mamake pia, naye yuko kwenye cherehani analishona lile joho. Nguo ina kazi. Basi jitande, au ifunge kifuani, ubebe kitu.

Chora mikunjo kwanza, maua baadaye. Pindo likifika kwenye mkunjo hukatika na kurukia upande wa pili; ukilipitisha moja kwa moja, leso yawa karatasi. Jina la leso usilinakili kiooni, litatoka kinyumenyume. Tandika leso mezani usome.

brashi_kibokoni
Ahsanteni. Na nikiliacha jina kinyume makusudi, ijulikane ni kioo?

pindo_na_mji
Yafaa. Ila kipini cha pua nacho kibaki upande wa kioo. Usigeuze kimoja ukaacha kingine.