Makala ya Nina Simone: mume aliyempiga ndo kapewa kipaza sauti atusimulie siasa zake??

Wakuu kwema huko? Mi huku sio kwema hata kidogo, nina hasira na naandika hivi hivi kabla sijapoa maana nikipoa nitaanza kuwatafutia watu visingizio. Nimemaliza kuangalia What Happened, Miss Simone?, ile makala ya Liz Garbus ya 2015 kuhusu Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano mweusi wa Marekani, ile ya Netflix iliyofika mpaka kugombea Oscar. Najua humu wapo wanaoiona kama msahafu kwa hiyo mjiandae tu, leo tutagombana.

Haki yake niitoe kwanza nisije nikaambiwa nina chuki binafsi. Picha za zamani ni kali sana. Ile tamasha la Montreux, Uswisi, 1976 wanayofungulia, mama anaingia stejini, anainama, halafu anasimama anawaangalia tu wale watu kimyaaa mpaka unaona aibu wewe uliyekaa kwenye kochi Tabata. Na sauti yake mwenyewe kutoka kwenye kanda za mahojiano ipo ya kutosha. Hapo sina neno.

Neno langu ni Andrew Stroud. Kwa ambao hamumjui, huyu jamaa alikuwa polisi New York, mpelelezi, wakaoana 1961, akaacha kazi ya polisi akawa meneja wa mke wake. Na alikuwa anampiga. Sio tetesi za mtaani, Nina mwenyewe anasimulia humo humo kwenye makala: shabiki mmoja kampa kikaratasi klabu, akakitia mfukoni, jamaa kaona, wametoka nje tu kipigo kikaanza barabarani mpaka nyumbani, bastola kichwani, akamfunga kamba, akambaka. Unasikia hayo yote kwa masikio yako halafu dakika chache baadaye nani anarudi kwenye skrini kakaa vizuri kwenye kiti anatufafanulia kwanini mke wake aliharibikiwa kimuziki?? Yeye! Stroud alifariki 2012 kwa hiyo hizo ni kanda za zamani, hakuna aliyelazimika kuzitumia, mtu alikaa chumba cha kuediti akachagua, hapa tuweke Andy, na hapa tena Andy, na tukifika kwenye siasa tumlete Andy aseme mwanamke alikuwa anapoteza hela kwa ajili ya harakati za haki za weusi. Huku ni kumpa fisi bucha kisha unamuuliza nyama imeenda wapi.

Na ndo ugomvi wangu mkubwa upo hapo, sio tu kwamba jamaa kapewa muda. Ni kwamba maelezo yake ndo yamegeuka kuwa uti wa makala nzima. Ukitoka pale unabaki na picha kwamba kulikuwa na mwanamke mwenye kipaji cha ajabu, mume akamjenga, akakaribia kuwa staa mkubwa, halafu siasa zikamuingia kichwani kama homa, akaanza kuwa mkali, kumbe alikuwa mgonjwa wa akili, akaporomoka. Siasa zimewekwa katikati ya umaarufu na ugonjwa, kana kwamba ni dalili ya mwanzo!

Hebu turudi nyuma kidogo. Eunice Waymon, ndo jina lake Nina la kuzaliwa, amezaliwa 1933 Tryon, North Carolina. Akiwa binti mdogo tu anapiga piano mbele ya watu, wazazi wake wakatolewa viti vya mbele wakae wazungu, mtoto akagoma. Sipigi mpaka wazazi wangu warudi mbele. Wakarudishwa. Sasa niambieni, hapo alikuwa na ugonjwa gani? Hapo palikuwa na meneja gani wa kuharibiwa mipango? 1951 akaenda kufanyiwa usaili Curtis Institute, chuo cha muziki cha Philadelphia, alitaka kuwa mpiga piano wa muziki wa classical, wakamkataa, na mpaka anakufa aliamini ni rangi yake. Ndo maana akaishia kupiga baa Atlantic City 1954 na kubadili jina ili mama yake mlokole asijue binti anapiga muziki wa shetani. Huyu mtu siasa zilimkuta akiwa bado hajafikisha kimo cha kufika pedali vizuri. Makala yenyewe inayaonyesha haya mapema kabisa, alafu ikifika miaka ya sitini inajisahaulisha!!

Na mwalimu wake wa siasa alikuwepo, ana jina. Lorraine Hansberry, mwandishi wa tamthilia. Tarehe 12 Aprili 1963 Nina anapiga Carnegie Hall kwa mara ya kwanza, ndoto ya maisha, na siku ile ile Martin Luther King anakamatwa Birmingham, Alabama. Hansberry anampigia simu, sio kumpongeza, anamuuliza wewe unafanya nini kwa ajili ya harakati? Jamani hiyo simu peke yake ningeitengenezea nusu saa. Nina kaandika kwenye kitabu cha maisha yake kwamba wakikaa wawili hawakuwa wanaongea habari za wanaume wala nguo, ilikuwa Marx, Lenin na mapinduzi. Wanawake wawili weusi jikoni wanajadili Lenin, 1963! Hansberry akawa mama wa ubatizo wa Lisa, binti wa Nina na Stroud, kafa kwa kansa Januari 1965 ana miaka 34, na Nina akamuimbia To Be Young, Gifted and Black. Kwenye makala Hansberry yupo, ndio, anapita. Langston Hughes, James Baldwin, waandishi weusi wakubwa, nao wanapita. Kama wageni waalikwa kwenye harusi ambayo bwana harusi hataki kushuka kwenye maiki.

Mississippi Goddam, wimbo wake wa kwanza wa harakati uliotikisa, nayo tuiseme. Juni 1963 Medgar Evers, mwanaharakati wa haki za weusi, anapigwa risasi nje ya nyumba yake Jackson, Mississippi. Septemba 15, Jumapili, bomu linalipuka kanisani 16th Street, Birmingham, mabinti wanne wamekufa, watatu wana miaka 14 mmoja 11. Nina alisimulia kwamba alishuka chini akaanza kukusanya vyuma atengeneze bunduki, mume akamwambia wewe kuua hujui, wewe unajua muziki. Akakaa kwenye piano, ndani ya saa moja wimbo umetoka. Na matokeo yake? Redio za kusini zikaufungia, muuza santuri mmoja South Carolina akarudisha boksi zima kila moja imevunjwa katikati. Machi 1965 kaenda kuuimba kwa waandamanaji wa Selma kuelekea Montgomery, na askari wamejaa kila kona.

Sasa mtu anaposema "harakati ziliua biashara yake" nakasirika mpaka nashindwa kuandika vizuri, maana harakati hazikuvunja santuri. Santuri zilivunjwa na watu. Redio zilikuwa na wenyewe, wana majina na ofisi, na hao hawakuitwa kuhojiwa, aliyeitwa kuelezea hasara ni mume meneja aliyekuwa anakula kwenye hiyo hela.

Mfano mzuri wa kulinganisha tunao, tena ni wa kwetu. Miriam Makeba, huyu huyu wa Malaika. 1968 kaolewa na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa Black Power, mikataba Marekani ikaanza kufutwa mmoja baada ya mwingine, akahamia Guinea kwa Rais Sékou Touré. Kila mtu akisimulia hiyo stori anasema Makeba aliadhibiwa kwa sababu za kisiasa, na ni kweli. Nina aliminywa karibu mazingira yale yale, nchi ile ile, miaka ile ile, yeye inakuwa "ah alikuwa na hasira sana yule mama". Kwanini??

Na ukimtaja Makeba ndo tunafika Liberia, hapa nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. 1974 Makeba ndo aliyemwambia twende Liberia, Nina akaenda na binti yake, Monrovia ya Rais Tolbert, kabla ya mapinduzi ya 1980. Ni miaka ambayo mwenyewe alisema alikuwa na furaha. Mwanamke mweusi wa Marekani, mzao wa watumwa, kachoka na nchi iliyomuulia marafiki, karudi Afrika! Ukiwa Mwafrika unakaa sawa kwenye kiti unasema sasa hapa tutaona mambo. Unaona nini? Dakika chache, furaha imetajwa mbio mbio, halafu tunahamia kwenye namna alivyokuwa anampiga Lisa. Lisa ana haki ya kusema alichopitia, yale ni maumivu yake na asiyetaka kumsikia ana roho mbaya. Lakini sikumsikia Mliberia hata mmoja akihojiwa. Hata mmoja wakuu. Hakuna wa kusema alikuwa anaishije, alikaa na nani. Afrika imekuwa ukumbi tu wa kuonyesha jinsi alivyoanza kuharibika.

Ugonjwa alikuwa nao, sikatai. Walimgundua na bipolar, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akapewa dawa, Al Schackman mpiga gitaa wake na marafiki wa Uholanzi walimsimamia na wanastahili heshima. Ila kuna kitu kinafanyika hapa kijanja sana, ugonjwa uliopewa jina miaka ya themanini unavutwa kurudi nyuma kufunika kila alichosema miaka ya sitini. Mtu anaweza kuwa mgonjwa na bado akawa sahihi kuhusu Mississippi, hivi hilo ni gumu?

Mnaniuliza yote haya yananihusu nini mimi wa Tabata. Yananihusu kwa sababu makala hii ndo imekuwa chanzo cha kila mtu. Ingia YouTube kwa hawa wasimuliaji wetu wa stori za mastaa, muziki wa huzuni chini, picha za Nina zinazunguka, "mwimbaji aliyerukwa na akili", "alilogwa na umaarufu", dakika ishirini hausikii neno Birmingham! Hausikii Hansberry! Nimeandika maoni kistaarabu kabisa kwa mmoja wao, nikajibiwa "bro umetazama makala kweli?" Ndio bro nimetazama, bando langu limeishia humo, ndo maana nipo hapa napiga kelele.

Na wale wa kuja na "lakini binti yake ni mzalishaji mkuu kwa hiyo familia imeridhia", kuridhia kwa familia hakugeuzi Stroud kuwa shahidi wa haki. Yeye mwenyewe ni familia ujue. Tena familia yenyewe ni pana: kaka wa Nina, Sam Waymon, aliyepiga naye stejini miaka, anaongea kwenye ile makala nyingine ya mwaka huo huo, The Amazing Nina Simone ya Jeff Lieberman, ambaye alihoji watu zaidi ya 50. Hiyo haikupata kelele za Oscar wala nini, humu sijawahi kuona uzi wake hata siku moja.

Mwenye kuijua inapatikana wapi kihalali kwa huku kwetu aweke hapo chini, nitashukuru. Na wewe uliyekuja kuandika "uzi mrefu sijasoma" pita hivi.