Naomba ushauri: vijana wanaokuja karakanani kwangu, Wete, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nimelelewa na bibi. Msimu wa karafuu ukifika naacha skuli, naokota zilizoanguka chini ya mikarafuu ili tupate mchele. Fundi mmoja akanipokea, hakunidai hata senti. Leo nina karakana yangu ya useremala, alhamdulillahi, na vijana wasio na mtu wa kuwashika mkono huja jioni kujifunza.

Mmoja keshajua kupiga randa, mbao inatoka laini kabisa, lakini anashinda na njaa na hasemi. Nikimpa chakula mbele ya wenzake, anaondoka. Nimsaidieje asione haya? Na hawa wa chini ya miaka 18, ambao Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inawahesabu watoto, nianze kuzungumza na sheha, yaani kiongozi wa mtaa wetu, au na walezi wao?