Mashairi yaliyoandikwa kwa khati ya mkono: yanapelekwaje kwa mchapishaji?

Mwandiko_Moshi:
Wakuu, heshima kwenu. Nina muswada wa mashairi, beti 410, wote kwa khati ya mkono, wino mweusi, kwenye kauntabuku mbili. Nataka kitabu kitoke na mwandiko huohuo, si herufi za kompyuta. Nifunge kauntabuku nizitume Dar kwa basi?

Mhariri_Sakina:
Usizitume, mkuu. Nakala ya asili haitoki nyumbani. Mhariri anapima maneno kwanza, khati inafuata, na hakuna mwenye muda wa kusoma kauntabuku mbili za mkono ili ajue kama ushairi umesimama.

Taipu mashairi yote kwenye Word: A4, Times New Roman 12, pambizo sentimita 2.5, kila ubeti na namba yake. Ambatisha barua ya ukurasa mmoja yenye idadi ya beti, bahari (aina za mashairi) ulizotumia na ombi lako la khati, pamoja na kurasa 3 za mwandiko ziwe sampuli. Tatu zinatosha.

Ukitaipiwa steshenari, keti pembeni. Wengi "husahihisha" ushairi bila kujua: "walokuja" inageuzwa "waliokuja", kipande cha mizani (silabi) 8 kinakuwa 9 na ubeti unachechemea. Mkimaliza, mmoja asome kauntabuku kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole kwenye karatasi.

Skana_Arusha:
Naongezea upande wa khati. Picha za simu hazifai. Karibu na mshono wa kauntabuku karatasi inapinda na maneno yanapinda nayo. Tumia skana ya bapa, ile ya kulaza karatasi juu ya kioo, nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, uhifadhi kama TIFF, faili la picha lisilopunguza ubora. Usiposema, mara nyingi utapewa PDF ya nukta 200, na ncha za herufi zitatoka na meno.

Halafu mistari ya daftari. Kwenye programu ya picha, chukua chaneli ya buluu peke yake, yaani moja ya tabaka tatu za rangi (nyekundu, kijani, buluu) zinazounda picha: mistari ya buluu inafifia, wino mweusi unabaki. Bahati yako hukutumia wino wa buluu, ungefutika pamoja na mistari. Ule mstari mwekundu wa pambizo ndio utakaokusumbua, kwa sababu kwenye chaneli hiyo unakuwa mweusi zaidi. Huo unafutwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa.

Pima pia ukubwa. A4 ikishushwa kuwa A5, upana unabaki asilimia 71. Mkia wa herufi wenye milimita 0.3 unakuwa kama 0.2 na unaweza kukatika kwenye uchapaji. Chapisha ukurasa mmoja kwa A5 kabla hujaskani zote.

Mwandiko_Moshi:
Asanteni sana. Je, nisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kwanza nisije nikaibiwa?

Mhariri_Sakina:
Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda kazi tangu ilipoandikwa. Usajili si sharti, ila ni ushahidi mzuri, kwa hiyo fanya. Kwenye mkataba, itajwe waziwazi kwamba khati itachapwa kama picha na nani analipia kuisafisha.

Mhariri akikuta kosa, usiandike upya ukurasa mzima. Andika neno hilo tu kwenye karatasi nyeupe, kwa kalamu na wino uleule, ukubwa uleule, liskaniwe kwa nukta 600 na kubandikwa mahali pake.