Tupeane uzoefu: Fildi (mafunzo kwa vitendo) kwa tuliosoma Kiingereza hapa Dar, ulipangiwa kazi gani?

Binti wa Kigamboni:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili, anasoma lugha, upande wa Kiingereza. Kazunguka kuomba fildi na barua za utambulisho kuanzia Posta mpaka Masaki, na kila mapokezi swali ni hilo hilo: "Kiingereza? Sasa hapa utafanya nini?" Jana karudi kajifungia chumbani. Nikakumbuka yangu, hasira zikanipanda upya. Wa uhasibu wana pa kwenda, wa sheria wana pa kwenda. Sisi je? Tuliopita huko tuelezane: ulikwenda wapi, ulifanya nini, nani alikusainia fomu.

Kimara Mwisho:
Masijala. Kupanga mafaili na kutumwa fotokopi mpaka fildi ikaisha. Sikuandika hata sentensi ya Kiingereza.

Mjukuu wa Tandika:
Kama mimi kabisa. Na chai ya wakubwa nilichemsha mimi.

Kalamu Nyekundu:
Mimi nilikwenda kwa mchapishaji wa vitabu na sijawahi kujuta. Kazi ya kwanza ilikuwa kusahihisha prufu, ile nakala ya majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Mmoja anasoma muswada kwa sauti pamoja na alama zote, "mkato, fungua mabano, nukta", mwenzake anafuata kwenye prufu na kalamu. Ukisinzia kidogo mstari mzima unapotea, na mwandishi atakuja juu kwelikweli. Baadaye wakanifundisha kutengeneza faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu. Pale ndipo nilipoelewa ile sarufi tuliyokuwa tunakariri darasani ina kazi gani.

Watu wanasahau Dar ni mji wa wachapishaji. Tanzania Publishing House ilianzishwa 1966, Mkuki na Nyota 1991, na wadogo wadogo wapo wengi. Wanafunzi wanapanga foleni benki na kwenye mashirika, hawa wanawapita. Mwambie mdogo wako asome kwanza vitabu vya mchapishaji anayemwendea, avitaje kwenye barua. Barua inayofanana na ya darasa zima haisomwi.

Mzee wa Hoja:
Tuseme ukweli, Kiingereza si fani. Kila mtu ofisini anakijua. Angesoma kitu chenye soko.

Kalamu Nyekundu:
Mzee, kila mtu anakijua? Soma barua zinazotoka kwenye hizo ofisi halafu urudi hapa tuzungumze.

Asha wa Mbagala:
Hili nimekaa nalo muda mrefu. Ofisi siitaji, ipo mjini. Nilipangiwa kitengo cha mawasiliano. Mwanzoni raha tupu: natafsiri taarifa za kwenda kwenye vyombo vya habari, nanyoosha ripoti za mikoani. Msimamizi wangu, mtu mzima mwenye familia, ananisifu mbele za watu kwamba binti huyu Kiingereza chake kimenyooka. Siku moja akaniita, akafunga mlango. Nikajua ni yale mabinti tunayokutana nayo. Hapana. Akatoa fleshi. Ndani kuna tasnifu yake ya shahada ya umahiri, sura mbili zilizookotwa huku na kule, na anataka mimi niandike zilizobaki. "Si ndiyo uliyosomea?"

Nikamjibu kwa heshima: bosi, nitakusomea, nitakurekebishia lugha, lakini kuandika siandiki.

Kuanzia hapo nikawa kama sipo. Kompyuta nikanyang'anywa. Daftari la fildi linalotakiwa saini kila wiki likawa linalala mezani kwake. Nikilifuata ananiambia, "Na mimi nasubiri ya kwangu." Mnajua wenyewe: bila tathmini ya msimamizi kurudi chuoni, fildi inarudiwa mwaka unaofuata. Nauli Mbagala–Posta kila siku, mama anauza vitumbua ndiyo nipate hiyo nauli. Siku moja nililia kwenye daladala mpaka konda akanirudishia hela yangu.

Mhadhiri alipokuja kututembelea, ndani ya ofisi sikusema kitu. Nilimsindikiza hadi kwenye gari nikamweleza yote, fleshi nikampa mkononi. Akageuka, akarudi ndani, akaomba kuonana na mkuu wa utumishi. Fomu yangu ikasainiwa utumishi. Yule bwana hakunisemesha tena hadi naondoka. Bado yuko kazini.

Mzee wa Hoja:
Hii chai. Mtu mzima ampe mtoto wa fildi tasnifu yake?

Dada wa Sinza:
Mzee, umeishi Dar hii kweli? Mimi niliombwa nimwandikie mtoto wa bosi kazi zake za chuo. Asha, pole mdogo wangu.

Kimara Mwisho:
Lakini Asha, kwa maisha yetu haya ungemwandikia tu, upate saini yako uondoke. Tena ungemlipisha.

Asha wa Mbagala:
Kaka, halafu yeye aitwe mwenye shahada ya umahiri kwa kichwa changu, na kesho awe msimamizi wa mwingine? Hapana.

Mwanasheria wa Temeke:
Kutumia cheo ili upewe manufaa ndiyo mlango wa rushwa wenyewe. TAKUKURU namba ni 113, kupiga ni bure. Wanafunzi muitumie.

Mjukuu wa Tandika:
Ukipiga 113 na fildi bado haijaisha, nani atakusainia? Mfuate mhadhiri wako kwanza kama Asha.

Dada wa Sinza:
Turudi kwa mdogo wake Binti. Ajaribu Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, au Kijiji cha Makumbusho. Mimi nilikaa na waongoza wageni. Kumweleza mgeni habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959, naye anakukatiza kwa maswali, kunafungua ulimi kuliko darasa lolote.

Mwanasheria wa Temeke:
Na ofisi za mawakili. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, huku makaratasi mengi ya zamani ni ya Kiingereza. Tafsiri zipo nyingi, wa kuzifanya vizuri ni wachache.

Mzee wa Hoja:
Magazeti je?

Kalamu Nyekundu:
Fildi sawa, aende. Ila akitaka abaki huko kama mwandishi, ajue Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zinaangalia vyeti vya taaluma ya habari. Aulize mapema asije akashtukia mlangoni.

Binti wa Kigamboni:
Asanteni sana. Nimemsomea mdogo wangu yote aliyoandika Asha, katoka chumbani. Dada wa Sinza, barua ya makumbusho anampelekea nani?

Dada wa Sinza:
Aandike kwa Mkurugenzi, apeleke kwa mkono asubuhi mapema, na asiondoke mpaka nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakimwambia arudi wiki ijayo, arudi na hiyo nakala.