Laini ya volti 1 inayumba, bodi inajiriseti. Naipimaje?

leya_nne: Wakuu habari za usiku. Nina bodi ya leya nne (tabaka nne za shaba) yenye FPGA, ile chipu unayoipanga mwenyewe ifanye kazi gani, koa yake (sehemu ya ndani inayochakata) inatumia volti 1.0 na ikichapa kazi inavuta mpaka ampea 3. Ikikaa bure mita inasoma 1.00 safi kabisa, ila nikiwasha sehemu ya kuchakata picha inajiriseti, mara baada ya dakika mara papo hapo. Nimeweka skopu (kifaa kinachochora volti kwenye skrini) kwenye kapasita iliyo jirani na chipu nikaona miiba, yani volti inaruka ghafla, ya milivolti 180, na datashiti inaruhusu asilimia 5 tu, yani 50. Nimeongeza kapasita tano za kutuliza volti, wapi. Regyuleta inayotoa hiyo volti 1 iko sentimita 4 kutoka kwenye chipu. Nianzie wapi?

moshi_wa_risasi: Kabla ya kapasita ya sita, graundi ya probu (kalamu ya kupimia ya skopu) umeiwekaje? Kama ni ule waya mweusi mrefu wenye klipu ya mamba hiyo 180 usiiamini mkuu, ule waya na ncha ya probu vinafanya kitanzi, kinadaka kelele za regyuleta kama antena. Gusisha ncha ya probu kwenye klipu yake yenyewe, zote palepale kwenye graundi ya bodi. Miiba ikibaki ujue ni upimaji wako. Mwenye skopu yenye ingizo la ohm 50 achomee koaksi fupi (waya wenye ganda la graundi) kwenye kapasita yenyewe, ila skopu zetu nyingi za bei poa hazina, kwahiyo tumia ile springi ndogo inayokuja na probu, ile ambayo kila mtu anaitupa na mfuko wake.

leya_nne: Duh. Probu imejigusa yenyewe na bado naona 140 😂 Springi nimeipata chini ya droo. Miiba sasa haifiki 30, ila kumbe kuna kitu kingine, picha ikianza laini nzima inashuka mpaka 0.94 na inakaa hukohuko hadi kazi iishe.

babu_shaba: Ingeshuka ikarudi ndani ya maikrosekunde kadhaa ningekwambia kapasita, ila kama inashuka na kukaa hiyo ni ukinzani wa shaba ya njia inayopeleka umeme kwenye chipu. Njia yako ina upana gani? Na fidibeki, ile njia ambayo regyuleta inapimia volti yake, umeichukulia wapi?

leya_nne: Milimita 1.5, inapita via moja (kitundu chenye shaba kinachounganisha leya). Fidibeki nimechukua mguuni pa regyuleta.

babu_shaba: Basi piga hesabu. Shaba ya maikroni 35, kila mraba wa njia (urefu sawa na upana wake) ni kama nusu miliohm. Milimita 40 gawa kwa 1.5 ni miraba 27, miliohm 13 hivi, mara ampea 3 tayari milivolti 40 zimeliwa njiani, bado via, bado graundi ya kurudi. Regyuleta inajiona iko 1.00 imeshiba wakati chipu inakufa njaa.

leya_nne: Nimekata njia ya fidibeki kwa wembe nikavuta kawaya kembamba mpaka kapasita ya jirani na chipu. Imetulia 0.99, saa nzima sasa hivi haijajiriseti!!

moshi_wa_risasi: Safi, ila hicho kiwaya kinadaka kelele pia, kilaze kwenye bodi mbali na koili. Toleo lijalo achana na njia, mwaga shaba pana leya nzima ya ndani, na via weka kumi sio moja.