Barua ya Kiingereza kwa mnunuzi wa korosho: aibu tuiandike kwa neno gani?

KaraniTandahimba
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba. Wakala wa mnunuzi kutoka India alichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli guniani, kwenye shehena yetu ghalani, magunia kadhaa yakatoa kokoto. Si mchanga unaookotwa korosho zikianikwa chini. Ni kokoto za zege, zimeshindiliwa katikati kabisa ili bambo lisizifikie kirahisi. Wawili wamekwisha kukiri mbele ya bodi, wengine polisi bado wanawatafuta.

Bodi imeniagiza niandike barua kwa Kiingereza: tuombe radhi, ionekane kwamba tumeona aibu kweli, na kitendo chenyewe tukilaani. Kijana wa steshenari kaniandikia "We are very shy". Mwenyekiti anataka "What a shame". Moyo wangu unakataa yote mawili. Naombeni msaada, barua inatakiwa iondoke Ijumaa.

MwalimuMasasi
Moyo wako haujakudanganya, dada. "Shy" ni haya ya mtoto anayejificha nyuma ya khanga ya mama yake mgeni akibisha hodi. Hana kosa lolote. "What a shame" husemwa kusikitikia jambo, mfano mechi imeahirishwa kwa mvua. Mkimwandikia hivyo ataona mnampa pole kwa yaliyomfika, ninyi hamumo. Lakini "Shame!" likisimama peke yake ni kali: wabunge wa Uingereza hulipaza kumzomea msemaji.

Neno lako ni "ashamed". Usilichanganye na "shameful". Mtu ndiye "ashamed", kitendo ndicho "shameful". Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huandika "I am shameful", wakawa wamejitukana wenyewe. Andika: "We are ashamed of what was done."

MizigoBandarini
Nashughulika na nyaraka za mizigo hapa bandari ya Mtwara, barua za namna hii nazisoma kila msimu wa korosho. "Ashamed" ni zito mno kwa biashara. Wengi huandika "We regret" au "We are embarrassed", yanatosha. Na "guilty" usithubutu kuligusa. Hilo ni neno la kizimbani, utakuwa umekitia chama kizima hatiani kabla polisi hawajamaliza kazi yao. Kwa kulaani tumia "unacceptable". Masikioni mwetu linaonekana limepoa, kwamba jambo "halikubaliki" tu, lakini katika barua za kiofisi za Kiingereza lina makali. "Disgusting" liache, lile ni la kinyaa.

MwalimuMasasi
Kaka, kwa "guilty" tuko pamoja. Kwa "embarrassed" napinga. Kule ni kuumbuka. Mtu huwa "embarrassed" hata kwa kusahau jina la mgeni wake, wala hana dhambi. Tukiliandika hapa tunamwambia mnunuzi kwamba kinachotuuma ni bambo kutufichua. Na "We regret" hata shirika la ndege huliandika ndege ikichelewa. Hizi ni kokoto zilizotiwa kwa mkono wa mtu! Uzito wa "ashamed" ndio hasa unaotakiwa.

MamaNewala
Binti yangu, Kiingereza changu ni cha kidato cha nne cha zamani, lakini nina langu la kusema. Hiyo "what was done" ya mwalimu imefanywa na nani? Kokoto hazikuingia gunia zenyewe. Wakubwa nao wana "Mistakes were made" yao wanapotaka kosa libaki bila mwenyewe. Mtaje mtenda. Sisi wengine tunapalilia, tunapulizia salfa tangu mikorosho inapoanza kuchanua, tunaokota tumeinama kutwa nzima, tunaanika, tunachambua mbovu moja moja. Halafu jina letu lichafuke kwa ajili ya watu watatu wanne, na barua isiwataje? Sikubali.

MwalimuMasasi
Mama amesema kweli. Andika "some of our own members". Hiyo "own" muhimu, inaonyesha hamuwakani kwamba ni wenu.

KaraniTandahimba
Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Nimefika hapa:

"We are ashamed that some of our own members put stones in the sacks. It was a dishonest act and we condemn it. We apologise to you and to your agent."

Nimeweka "dishonest" mahali pa "unacceptable" kwa sababu huu ni udanganyifu, na nataka hivyo ndivyo asome. Mwenyekiti aliona ni fupi. Nikamfasiria mstari kwa mstari, akanyamaza kidogo, akasema nipige chapa.

MizigoBandarini
Haya, "ashamed" ibaki, mmenishinda kwa haki. Ila chini yake orodhesha namba za magunia yote yaliyokutwa na kokoto, na utaje siku mtakayomwaga na kupanga upya shehena nzima mbele ya wakala wake. Bila tarehe hiyo atakujibu kwa swali moja tu: lini?

KaraniTandahimba
Jumatatu asubuhi. Naiongeza sasa hivi.